Binti Yangu Analilia Farasi wa Mbio, Mimi Moyo Unasita: Tununue Yupi?

SWALI

Mshauri wetu, salamu.

Mimi ni mama wa watoto wawili na nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Rongai. Kifungua mimba wangu, Neema, ana miaka 15. Amepanda farasi tangu darasa la tatu kwenye klabu moja upande wa Karen, na mwaka jana akaingia iventingi, yale mashindano ya hatua tatu: dresaji (farasi huonyesha utii na mwendo mbele ya majaji), kroskantri (kukimbia nyikani na kuruka vizuizi vigumu), kisha kuruka viunzi uwanjani. Mpaka sasa ameshindana kwa farasi wa klabu, vizuizi vya sentimita 70 na 80. Mwalimu wake anasema wakati umefika awe na farasi wake mwenyewe. Nimeweka akiba kwa jambo hili muda mrefu, na sitaipata mara ya pili.

Tumepata farasi wawili. Wa kwanza ni dume aliyehasiwa, miaka 5, mrefu, kahawia iliyokoza, mwenye baka jeupe usoni. Alikuwa akishindana mbio pale Ngong hadi miezi mitatu iliyopita. Muuzaji ametutumia video kwa WhatsApp inayomwonyesha akiruka zaidi ya mita moja, tena bila mtu mgongoni, na anasema atakuwa farasi wa kimataifa. Bei yake ni kama theluthi ya yule wa pili.

Wa pili ni jike wa miaka 13, mfupi, sentimita 157. Amefanya iventingi kwa misimu mingi na binti wa mwenye farasi, ambaye sasa anakwenda kusoma Uingereza. Kwenye mguu wa mbele wa kushoto, nyuma ya kano, ana uvimbe wa zamani. Mwenyewe alituonyesha kabla hatujauliza.

Neema anamtaka wa kwanza. Yule jike anamwita farasi wa bibi. Tangu niseme nitafikiria, hali vizuri na hanisemeshi. Mwalimu naye anamuunga mkono, lakini mzazi mwenzangu ameninong'oneza kwamba mwalimu atapewa chochote na muuzaji. Kaka yangu anasema nisipoteze pesa kabisa, mchezo huu ni wa wanaume, na kwamba farasi jike hununa na hawategemeki. Muuzaji wa yule wa mbio anataka amana kwa M-Pesa kabla ya Jumamosi, eti kuna mtu mwingine anakuja kumchukua.

Mimi sijui farasi, najua saruji na mabati. Nifanyeje?

Mama Neema, Rongai

JIBU

Mama Neema, salamu nyingi kwako na kwa binti.

Lenye haraka kwanza: usitume amana. Mwenye farasi mzuri haogopi mnunuzi achukue wiki mbili akimchunguza. Na kama kweli kuna mtu wa Jumamosi, mwache amchukue. Farasi wanaostaafu mbio hawakosekani Nairobi. Kila msimu kuna wanaotafutiwa makao.

Kwa ulivyoniandikia, mimi ningemchagua yule jike, kwa sharti moja tu: daktari auridhie ule mguu. Nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa najua Neema naye atasoma, na mtoto wa miaka 15 aliyejitolea hivi anastahili kupewa sababu.

Neema, tuanze na kasi, maana nadhani ndiyo iliyokuteka. Kwenye vizuizi vya sentimita 90, mwendo unaotakiwa kroskantri huwa karibu mita 450 kwa dakika, yaani kilomita 27 kwa saa. Hata Badminton kule Uingereza, mashindano ya iventingi yaliyoanza mwaka 1949 na ambayo leo ni ya ngazi ya juu kabisa duniani, mwendo unaotakiwa ni mita 570 kwa dakika. Farasi wa mbio akifunguliwa pale Ngong hukaribia kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya unachohitaji, na ile ya ziada yote itakuwa kazi ya mikono yako kuizuia, huku kizuizi cha gogo kinakuja mbele yako.

Sasa piga hesabu ya alama. Iventingi ni mchezo wa adhabu: mwenye alama chache ndiye mshindi. Ukichelewa kroskantri unatozwa 0.4 kwa kila sekunde. Farasi akikataa kizuizi mara moja unatozwa 20. Kwa hiyo kukataa mara moja tu ni sawa na kuchelewa sekunde 50! Akikataa tena palepale, 40 nyingine zinaongezwa. Uwanjani, kila kiunzi kinachoanguka ni alama 4. Na kabla ya hayo yote kuna dresaji, ambapo asilimia uliyopewa na majaji inatolewa kwenye 100: mwenye 68 anaanza siku na alama 32, mwenye 58 anaanza na 42. Farasi aliyekakamaa shingo, anayetazama huku na huku na kutaka kuondoka shoti kila akiguswa, anakupotezea alama 10 kabla hujaona kizuizi hata kimoja. Anayeshinda kwenye ngazi yako ni farasi mtulivu asiyekataa. Nimeliona hili mwaka baada ya mwaka, na halijabadilika.

Kuna jambo la pili, zito zaidi, na kwa hili naongea na mama. Viunzi vya uwanjani huanguka vikiguswa. Vizuizi vya kroskantri vingi havianguki. Ajali mbaya kuliko zote katika mchezo huu hutokea farasi anapogonga kizuizi kwa miguu ya mbele, akapinduka kichwa chini miguu juu, na kumwangukia mpandaji. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya vizuizi hufungwa kwa pini zinazoachia vikigongwa kwa nguvu. Lakini kinga ya kwanza ni farasi mwenyewe: anayejua kupima umbali, anayekunja magoti vizuri, anayeweza kujiokoa mpandaji anapokosea. Na mpandaji wa miaka 15 atakosea, hilo si aibu, ndiyo njia ya kujifunza. Farasi wa miaka 5 aliyetoka mbioni juzi hawezi kumsamehe makosa asiyoyajua. Ile video ya kuruka bila mtu mgongoni inaonyesha kwamba ana miguu yenye nguvu. Haionyeshi atafanya nini akikutana na mtaro wenye giza ndani, au dimbwi la maji ambalo haoni kina chake, peke yake, mbali na wenzake, na msichana juu yake.

Simsemi vibaya farasi wa mbio. Nawapenda sana, na wengi wanaofanya vizuri kwenye iventingi hapa kwetu wametoka mbioni. Wana moyo, wana pumzi, wanajifunza haraka. Ila wamefundishwa kazi nyingine. Farasi wa mbio akihisi hatamu imevutwa, huegemea lijamu na kuongeza mwendo, kwa sababu ndivyo alivyozoeshwa. Neema akiogopa na kuvuta, atamwambia aende zaidi. Wengi hutoka mbioni na vidonda vya tumbo kutokana na lishe ya nafaka nyingi, kukaa bandani saa nyingi na mazoezi makali. Anahitaji kwanza miezi ya kupumzika malishoni, halafu kufundishwa upya kwenda matiti (mbio za polepole) kwa utulivu, kugeuka pande zote mbili sawasawa, kusimama mtu akipanda. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima au zaidi, tena ya mpandaji mzoefu. Bei ndogo uliyoambiwa haihesabu malipo ya huyo mpandaji.

Kuhusu umri na kimo, nadhani hapa Neema atafurahi. Charisma, farasi wa Mark Todd wa New Zealand, alikuwa na kimo cha sentimita 160 hivi, na watu walimwona mdogo mno kwa mwanaume mrefu kama yule. Alishinda dhahabu ya Olimpiki Los Angeles 1984, akarudia Seoul 1988. Sam wa Mjerumani Michael Jung alishinda London 2012 na Rio 2016. Charisma na Sam wote walikuwa na miaka 16 waliposhinda dhahabu ya pili. Farasi wa miaka 13 aliyetunzwa vizuri yuko kwenye miaka yake ya busara, na kwa ngazi ya sentimita 80 hadi 100 ana misimu kadhaa mizuri mbele yake.

Mjomba naye nimjibu kwa heshima. Ni kweli iventingi ilianza kama mtihani wa farasi wa jeshi, na ilipoingia Olimpiki mwaka 1912 pale Stockholm ilikuwa ya maofisa. Mwanamke wa kwanza kushindana iventingi ya Olimpiki alikuwa Lana du Pont wa Marekani, Tokyo 1964. Olimpiki iliporudi Tokyo, mwaka 2021, dhahabu ya mtu mmoja mmoja ilichukuliwa na Julia Krajewski wa Ujerumani, mwanamke wa kwanza kuipata. Farasi wake, Amande de B'Néville, alikuwa jike. Katika mchezo huu wanawake na wanaume hushindana pamoja, kwa vizuizi vilevile na saa ileile. Jike anaweza kuwa na siku zake, ndiyo, na wengine hubadilika wakiwa kwenye joto la kutaka dume. Lakini jike aliyekukubali hukupigania, na wapandaji wengi wazoefu watakwambia hivyo.

Basi mguu. Mwenye farasi kuuonyesha kabla hamjauliza ni dalili nzuri, lakini uaminifu wake hauondoi hitaji la daktari. Tafuta daktari wa farasi ambaye si yule anayewatibia farasi wa muuzaji, umlipe wewe, ripoti aikabidhi kwako. Atasikiliza moyo kabla na baada ya kazi. Farasi mzima akipumzika moyo hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Atamtazama macho gizani, meno, mgongo, kwato. Atamtembeza matiti kwenye sakafu ngumu, atakunja kila kiungo kwa muda kisha kumkimbiza tena aone kama anachechemea. Kwa ule uvimbe omba ultrasaundi. Kano iliyowahi kuchanika hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama nyuzi za awali, kwa hiyo daktari ataangalia kama nyuzi zimejipanga vizuri na kama mguu wa pili uko sawa. Mwambie waziwazi kazi unayomtakia: sentimita 90, labda 100, mashindano machache kwa mwaka. Kano inayotosha kwa kazi hiyo huenda isitoshe kwa ngazi za juu, na jibu la daktari linategemea swali lako. Muulize pia kama anaweza kuchukua damu na kuihifadhi, ili farasi akianza kuchechemea wiki mbili baadaye ipimwe kama alikuwa amepewa dawa ya maumivu au ya kumtuliza siku ya uchunguzi. Muuzaji mwaminifu hatachukia ombi hilo.

Daktari akisema hapana, ni hapana. Hata Neema akilia, hata kama mwenye farasi ni mtu mwema.

Kabla ya kumlipa daktari, mjaribuni vizuri. Fikeni mapema na muombe asitolewe bandani hadi mfike, mwone anavyoshikwa, anavyosafishwa, anavyofungwa tandiko. Mwenyewe au binti yake apande kwanza, kisha mwalimu, Neema awe wa mwisho. Msiishie uwanjani anakofanyia mazoezi kila siku. Mpelekeni nje peke yake, ampite farasi mwenzake na kuendelea mbele, arudi nyumbani kwa hatua bila kukimbilia banda. Mwonyesheni mtaro, maji, tuta la kupanda na kushuka. Mwangalieni akipandishwa kwenye lori, maana farasi asiyeingia lori hawezi kufika mashindanoni. Rudini siku nyingine, ikiwezekana siku yenye upepo.

Na mzungumze na saisi wake, yaani mtunzaji wake wa kila siku. Huyu ndiye anayemjua. Msalimuni vizuri, mpeni muda, muulizeni anakula vipi, amewahi kuumwa tumbo lini, anafanyaje fundi wa kwato akija, viatu vinakaa muda gani. Nimeona wanunuzi wenye pesa nyingi wakimpita saisi kama hayupo, kisha wakagundua nyumbani jambo ambalo angewaambia kwa swali moja.

Mwombeni mwenye farasi pia kitabu cha chanjo. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na visubi wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri, hauna tiba, na unaweza kumuua farasi kwa siku chache. Anayekuuzia farasi asiye na rekodi ya chanjo anakuuzia hofu ya kila msimu wa mvua. Ugonjwa huu pia ndio sababu nchi nyingi huweka masharti magumu mno kwa farasi wanaotoka kwetu, hivyo wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma ng'ambo huwaacha farasi wao nyuma. Kwa hiyo sababu aliyokupa mwenye jike inaaminika kabisa.

Inanipa wazo jingine pia: mwombe akukodishie. Familia inayompeleka mtoto Uingereza mara nyingi inajali zaidi farasi ataishi wapi kuliko bei. Mnaweza kuandikiana mkataba wa msimu mmoja, ninyi mkalipia matunzo yote, na haki ya kununua mwishoni kwa bei mliyokubaliana leo. Uvimbe ule utakuwa umejaribiwa kwa kazi halisi na akiba yako bado iko benki. Mkataba useme wazi nani analipa daktari akiumia, na nani anaamua mambo makubwa.

Maana matunzo ndiyo yatakayokuumiza, Mama Neema, kuliko bei ya kununua. Banda, hei, lusini (majani ya lishe), maranda ya kulalia, saisi, viatu kila wiki sita hivi, chanjo, dawa ya minyoo, daktari wa meno, lori la kwenda mashindanoni, ada za kuingia. Kaa na mwenye klabu akuandikie jumla ya mwezi, kisha utenge akiba nyingine kwa ajili ya usiku ule daktari ataitwa ghafla. Kama jumla hiyo inabana duka, kukodi ni bora kuliko kununua, na wala si unyonge.

Mwalimu. Usimhukumu kwa minong'ono. Katika biashara ya farasi ni kawaida mwalimu kulipwa kwa kazi ya kutafuta, na ni haki yake, mradi anayemlipa anajulikana. Mtafute mkiwa wawili, umwambie: "Mwalimu, naomba unisaidie kitu bila kuona vibaya. Ningependa nikulipe mimi kwa kazi ya kututafutia farasi, ili nisiwe na shaka. Je, kuna makubaliano yoyote na muuzaji?" Akijibu wazi, umempata mshirika. Akikasirika, tafuta jicho la pili kutoka klabu nyingine kabla ya kununua farasi yeyote. Muulize pia swali hili: kama binti huyu angekuwa wake, wiki ya kwanza angempandisha yule wa miaka 5 kwenye kroskantri? Msikilize anavyojibu.

Mwisho ni wewe, Neema. Kumwita yule jike farasi wa bibi hakumtendei haki. Amekwisha kuruka mitaro na kuvuka maji ambayo wewe bado unayaota. Mpande mara mbili au tatu kabla ya kutoa hukumu. Mwombe binti wa mwenyewe akuonyeshe walivyokuwa wakifanya kazi pamoja kabla hajasafiri, maana akishaondoka somo hilo hutalipata kwa mtu mwingine. Na kama baada ya misimu miwili juu yake utakuwa bado unataka kumfundisha farasi kijana aliyetoka mbioni, utakuwa na umri wa miaka 17 na mikono inayojua kazi, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia mama yako akuruhusu.

Mama Neema, mpigie muuzaji wa kwanza leo umwambie humtaki farasi wake, kwa ustaarabu, ili asiendelee kukusubiri. Kesho mpigie mwenye jike muulize juu ya kukodi na juu ya siku daktari anaweza kuja. Majibu ya ultrasaundi yakitoka, niandikie tena nione daktari amesema nini kabla hujatia saini popote.